Mtoto Uliyesema Amekufa Anataka Kusoma

Mwisenge,
Musoma.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Marcelina, mpambanaji mwenzangu,

Shikamoo. Mfikishie na Baba Agness shikamoo yangu. Usicheke kwamba nimekuita mpambanaji. Kule chuoni tunaitana hivyo tukiwa tumeshika mabango, lakini wewe uliingia katika vita hivi mimi nikiwa bado navaa kaptula ya shule, na hukushika bango lolote.

Goti lako la kushoto linaendeleaje? Agness aliniambia kwamba baridi ya Songea mwaka huu ilikusumbua hadi ukawa unakwenda kanisani na kigoda chako. Natumaini sasa jua limekuonea huruma. Na huyo mjukuu mpya, ameanza kukaa? Tunaomba picha yake, kwa maana Mama ameshawatangazia wenzake wote wa sokoni Mwigobero kwamba amefanana naye, na hajamwona hata mara moja.

Sisi huku ni wazima. Baba yuko kijijini, anapalilia mihogo na kugombana na ng'ombe wa jirani. Mama anauza dagaa kama kawaida. Mimi niko likizo, mwakani nitamaliza mwaka wangu wa mwisho wa sheria Mungu akipenda. Nyangi ni mzima kabisa. Naliandika neno hilo kwa makusudi, Shangazi, kwa sababu kuna ofisi hapa mjini ambayo imeandika vingine.

Nimekupigia simu mara sita. Mara zote sita tumesalimiana vizuri, na mara zote sita nilipofika kwenye jambo lenyewe, mtandao wa Songea ulikatika. Mimi ni mwanao. Naujua mtandao, na naujua pia mkono unaokata simu. Ndiyo maana nimekaa chini nikachukua karatasi. Barua haikatiki.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa tano ulitangazwa hapa Mara mfuko unaoitwa Pona Usome. Unawasomesha chuo vijana waliougua saratani utotoni wakapona: ada, malazi na vitabu, kwa miaka mitatu mizima. Niliposoma tangazo lile nilisimama barabarani kama mtu aliyeitwa. Kwa mara ya kwanza niliona mahali ambapo kovu linahesabiwa kuwa sifa. Nyangi alikuwa amemaliza kidato cha sita kule Bunda kwa ufaulu mzuri, na alikwisha kupata nafasi katika chuo cha maabara ya hospitali. Anataka kazi hiyo kwa sababu moja tu, na amenikataza kuipamba: anasema wakati wa ugonjwa wake wote, mtu pekee aliyemwambia ukweli ni yule aliyekuwa akimtoa damu.

Akajaza fomu. Kurasa kumi na moja. Akaambatanisha vyeti vyake vya shule, vyenye jina ulilompa wewe, na makaratasi ya hospitali ya Mwanza ambayo Mama aliyatunza chini ya godoro miaka yote hii, yenye jina lile la zamani. Tukaenda kwa hakimu tukaapa hati ya kubadili jina, ili majina mawili yasomeke kuwa mtu mmoja. Mimi, msomi wa sheria, nikapiga kifua nikasema hapo tumemaliza.

Tarehe 22 Agosti ikaja barua. Nitainukuu, na naomba radhi mapema, kwa maana jina lile limo ndani yake. Nitaliandika mara hii moja, kisha silirudii: "Uchunguzi umebaini kuwa mgonjwa Jeska Rafaeli, mwenye jalada ulilowasilisha, alifariki dunia Machi 2016 kwa mujibu wa taarifa ya ndugu. Unatuhumiwa kutumia nyaraka za marehemu. Jina lako limeondolewa katika orodha."

Shangazi, nimesoma hukumu nyingi darasani, lakini sijawahi kusoma yoyote inayomshtaki mtu kwa kosa la kuwa hai.

Najua unayajua ya mwaka ule kuliko mimi. Lakini kila mmoja wetu aliona kipande chake, na wakili wetu amesema tuviunganishe. Acha nikuandikie nilichokiona mimi, nikiwa na miaka kumi na miwili. Niliona taya la mdogo wangu likivimba. Niliona bwana mmoja wa kijijini akimng'oa meno matatu mazima akisema hayo ndiyo mabaya, na uvimbe ukaongezeka. Kisha wakaenda Mwanza, nikaachwa na kuku, na mtoto aliporudi baada ya miezi mingi ya dripu hakuwa na nywele wala sauti. Tukashangilia. Hazikupita wiki mbili, homa ikampanda siku tatu mfululizo.

Ndipo ulipokuja wewe. Ulisema ugonjwa umelishika jina, na kwamba mtoto akielemewa, nyumba yetu humhamisha jina. Ulimwosha kwa maji ya ziwa kabla jua halijachomoza, ukamwita Nyangi, jina la bibi yako. Ukatukusanya sote ukatuambia kwamba yule wa mwanzo amekufa, na yeyote atakayemuulizia ajibiwe hivyo, ili kinachomtafuta kikose pa kugonga. Homa ilishuka. Mimi leo naweza kukupa sababu tatu za kitabibu za homa kushuka. Sikuzipata siku ile, na sitajifanya kwamba nilizipata.

Mwezi uliofuata simu ililia. Ilikuwa simu ya Baba, na mimi ndiye niliyekimbia nayo hadi jikoni nikakupa. Muuguzi alitaka mtoto arudishwe akapimwe. Ukasema, nakumbuka kila neno, "Huyo alikufa. Tumeshamzika. Msimtafute tena." Nyangi mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni anakula kiazi cha kuchemsha. Alisikiliza kifo chake chote, kisha akaendelea na kiazi.

Wala hospitali siilaumu. Waliambiwa na mtu mzima, wakaandika. Hata sasa wamejibu kistaarabu kwamba wako tayari kurekebisha jalada, mradi yule yule aliyetoa taarifa ajitokeze kuifuta. Ghadhabu yangu iko kwa wale waliokaa umbali wa meza moja kutoka kwa binti anayepumua, wakachagua kuamini karatasi.

Tuliitwa Jumanne, tarehe 2 mwezi huu, katika ofisi yao hapa Mwisenge: Nyangi, Baba na mimi. Alikuja pia Ikhlas, binti wa fundi cherehani wa Bunda, ambaye aliugua saratani ya damu na sasa anaongoza umoja wa vijana waliopona wa Musoma, Bunda na Butiama. Yeye ameshapewa ufadhili. Alikuja kukaa tu kwenye benchi la nyuma. Wajumbe walikuwa watatu, na aliyesema alikuwa katibu, Bwana Fredy Stanslaus, kijana tu, lakini ametangulia kuzeeka kwa ajili ya cheo.

"Binti," akasema, "taarifa zetu zinaonyesha kwamba umefariki."

"Kama nimefariki," Nyangi akajibu, "mbona barua yenu imeniambia nije na kalamu yangu mwenyewe?"

Ikhlas alicheka mpaka mlinzi akamwomba atoke nje. Katibu hakucheka.

"Usituletee utani. Sisi hapa tuna jalada."

"Na mimi nina taya." Akafungua mdomo, Shangazi. Unajua kwamba hafungui mdomo mbele ya watu. Hata picha za mahafali amezipiga amefumba. Siku ile aliufungua mbele ya wanaume watatu asiowajua, akawaonyesha pengo lote na mfupa uliopinda. Mjumbe mmoja akageukia dirishani. Katibu akasema, "Sisi si madaktari wa meno."

Hapo nikasimama. Nilianza na Katiba, nikapitia utu, nikawa naelekea kwenye historia ya dhuluma, katibu aliponiuliza mwaka 2016 nilikuwa na umri gani. Nikamwambia. Akasema basi nikae, ushahidi wa mtoto hana haja nao. Chuoni watu hunipigia makofi nikifika nusu ya hotuba ile, pale nilikaa.

Aliyesema vizuri kuliko wote alikuwa Baba. Alivua kofia, akasema taratibu, "Bwana mkubwa, sisi tulikuwaga tunafanya hivyo kwa watoto wetu. Mtoto akizidiwa unamhamisha jina, unasema yule wa kwanza hayupo, amekufa. Hatukuwaga tunajua kama kuna mtu huko anaandika."

Unajua alijibiwa nini? "Mzee, huyo mama aliyetoa taarifa ya uongo ndiye mwenye kesi. Aje yeye mwenyewe aape, au alete kiapo. Vinginevyo sisi tunaona hapa kuna familia ya matapeli."

Familia ya matapeli! Mama ambaye aliuza cherehani na mbuzi ili mtoto afike Mwanza ni tapeli. Baba ambaye alilala miezi kwenye sakafu ya veranda ya hospitali ni tapeli. Na wewe, uliyepanda basi na homa yako mwenyewe ili uje kumwosha mtoto wa kaka yako, una kesi.

Nauliza, na ningependa yeyote mwenye kiti na meza anijibu: ni nani aliyeandika fomu ya kurasa kumi na moja, kwa ajili ya vijana wa Mara, waliougua Mara, waliolelewa na bibi na shangazi wa Mara, bila kuuliza hata katika mstari mmoja kama mtoto alibadilishwa jina alipougua? Wameuliza jina la benki. Wameuliza kama mwombaji ana kipaji cha uimbaji. Katibu huyo si mgeni wa kuja na ndege. Ni mzaliwa wa Butiama, na watu wa kwao wameninong'oneza kwamba hata yeye ana jina la babu alilopewa baada ya kuugua degedege. Sina ushahidi, kwa hiyo sitalisema kikaoni. Lakini wewe nakuambia.

Wala si Nyangi peke yake. Kijana mmoja wa Buhemba aliyekatwa mguu aliagizwa alete picha zake za wakati hana nywele, kana kwamba mguu haukutosha kuwa ushahidi. Watoto hawa wamekwisha kufanyiwa kila kipimo ambacho mwili unaweza kuvumilia. Sasa wamepona, na tumewabunia kipimo kingine: wathibitishe kwamba waliumia kwa namna inayoturidhisha.

Sitakuficha jambo, Shangazi, kwa maana barua ya kuficha haina faida. Nilikukasirikia na wewe. Kwa siku mbili nilizunguka nyumba hii nikisema kwamba tumeangamizwa na mila, na kwamba tungekuwa watu wa akili mtoto angerudishwa Mwanza akapimwa kama muuguzi alivyoomba. Hilo la pili bado nalisimamia; tulibahatika, na bahati haipaswi kuwa mpango wa matibabu. Mwezi uliopita Nyangi amepimwa upya, na majibu ni mazuri. Lakini la kwanza alinizima nalo Nyangi mwenyewe. Alikuwa anafua. Akaniambia bila hata kugeuka, "Kaka Gibson, funga mdomo. Shangazi aliniua ili niishi. Wewe umewahi kunifanyia nini kikubwa kama hicho?"

Nilimsaidia kuanika nguo.

Kisha akasema lingine, ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Alisema usilazimishwe. Kama moyo wako unakataa, yeye atakaa nyumbani mwaka huu, auze dagaa na Mama, na hatakuwa na kinyongo. Alisema hivyo kwa upole, Shangazi, na upole wake ndio uliouma. Chuo kinapokea wanafunzi Jumatatu, tarehe 6 Oktoba. Asiyefika, nafasi yake anapewa mwingine. Ikhlas aliposikia, akaapa kwamba na yeye hatasaini barua yake ya ufadhili mpaka Nyangi arudishwe. Nyangi akamjia juu: "Wewe nenda ukasome! Mnataka kuniongezea maiti?"

Najua unachokiogopa. Hukunitamkia, lakini najua. Unaogopa kwamba siku utakaposimama mbele ya mtu ukasema yule hakufa, ugonjwa utasikia, utajua ulidanganywa, na utarudi kudai. Mwenye kukata simu mara sita hanikwepi mimi, anamlinda mtoto. Nilichelewa kulielewa hilo, na naomba unisamehe. Sitakuandikia mahubiri ya sayansi hapa.

Nimefanya kazi nyingine badala yake. Nilikwenda Bunda kwa Wakili Kudura, ambaye anatusimamia bila malipo katika rufaa tuliyokata, tukakaa mchana mzima kuunda kiapo ambacho wewe unaweza kukiapa. Jina lile halimo. Si juu, si chini, si katika mabano. Badala yake ipo namba ya jalada la hospitali. Kinasema hivi: kwamba wewe, Marcelina, mwezi Machi 2016 ulipokea simu kumhusu mtoto mwenye jalada namba hiyo, kwamba ulisema amefariki, kwamba ulisema hivyo kwa kufuata desturi ya nyumba yenu ya kumlinda mtoto mgonjwa, na kwamba mtoto uliyemwosha na kumpa jina la Nyangi ndiye anayeomba kusoma. Hakuna mahali panapokutaka umwite yule wa zamani arudi. Unamtaja huyu tu, uliyempa jina mwenyewe.

Wakili alimaliza kukiandika, kisha akakisoma kwa sauti. Akasema katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuandika kiapo cha mtu aliyesema uongo kwa uaminifu kiasi hiki. Kuhusu vitisho vya katibu, amenihakikishia kwamba hakuna kesi hapo. Na kama wakiitafuta, yeye atakuwa upande wako na mimi nitabeba mafaili.

Nakala mbili zimo ndani ya bahasha hii. Agness akupeleke kwa kamishna wa viapo hapo Songea mjini. Azisome kwanza taratibu, na palipo na neno usilolikubali, mlikate. Usiape jambo usiloliamini, hata kwa ajili yetu. Zikishagongwa muhuri, moja ibaki kwako, nyingine mnitumie kwa basi, ifike kabla ya Ijumaa tarehe 26. Ukiona moyo umekataa, nipigie, uniambie hapana kwa kinywa chako. Nitaipokea. Ila usikate tu simu, kwa maana mtoto huyu amekwisha kungoja majibu mengi katika maisha yake.

Mimi nitaendelea kupiga kelele, liwe na liwalo. Tumekwisha kuandika madai kwamba fomu ibadilishwe, na vijana arobaini na watatu wametia saini, wengine kwa majina mawili mawili. Hata Nyangi asipopata, mtoto wa mwakani asikute ukuta ule ule.

Baba anakusalimu, anasema mihogo yako ile ya pembeni ameipalilia. Mama anakusalimu, ameomba niambatanishe pakiti ya dagaa wakavu, wakala wa basi akipenda. Nisalimie Agness na kichanga chake, Baba Agness, na majirani wote walioulizia habari zetu ulipofiwa na wifi yako, dada wa Baba Agness. Nyangi anasema shikamoo, na anauliza kama goti linataka dawa ya kuchua ambayo yeye anaijua.

Mungu aliyekupa mkono wa kumwosha yule mtoto asikuache uzeeni. Akupe usingizi mtulivu, miguu isiyokusumbua, na wajukuu wa kukusikiliza kuliko tunavyokusikiliza sisi.

Mwanao anayekupenda hata anapokuwa mkali,

Gibson Rafaeli

Rufaa itasikilizwa Jumamosi, tarehe 27 Septemba, saa nne kamili asubuhi, katika ukumbi ulio nyuma ya ofisi yao hapa Mwisenge. Sisi tutakutana nje kuanzia saa mbili: wa Bunda, wa Butiama, wa Buhemba na wa hapa mjini. Nyangi ni wa tatu katika orodha. Watamwita kwa jina ulilompa wewe, naye ataitika.